Kompyuta ya Heshima Haikai Uchi

Jumatatu, 3 Machi

Umerudi? Hatimaye! Najua ni wewe, mjukuu wangu, maana hakuna mwingine anayethubutu kutoa daftari langu chini ya mto wangu. Safari iliyopita uliacha alama ya mafuta ya nywele ukurasa wa katikati. Nikanyamaza. Lakini umekaa mno! Ulipoondoka pazia la sebuleni lilikuwa kijani. Sasa jua limelila, halina rangi ya kutajika. Binti mzima, miguu yako miwili, nauli unayo, na bibi yako hujui kama yu hai au amegeuka kuni. Keti. Soma. Kisha uende jikoni ule, umekonda. Sijakuona bado, lakini najua.

Ujumbe wako umefika asubuhi. Wimbo wako wa kwanza umekamilika. Utakuja Jumapili, ukoo wote ukae pamoja uusikilize. Vizuri. Kisha ukaongeza kamba ya kuninyongea. Umesema mwanzo wa wimbo ni wa sauti ya chini mno, kama mtu anayemnong'oneza mtoto, kwa hiyo utapigwa kwa bibi ambaye mashine yake haina kelele. Na utakapopigwa wimbo ndipo utakapolala.

Maneno hayohayo umemtumia bibi yako mzaa baba. Yule ninayemwita Kimya, kwa sababu tangu tuozeshane watoto hajawahi kukaa kimya. Saa hiyohiyo akanipigia simu. Akasema mzazi mwenzangu, usihangaike kufagia, mtoto atafikia kwangu. Akasema kompyuta yangu anaisikia hadi kwake, akidhani ni nyuki wamehama.

Uongo. Lakini si uongo sana.

Kompyuta yangu ya muziki unaijua. Mjomba wako aliileta na spika zake mbili, akaipakia nyimbo zote za ujana wangu. Siku ile ilipofika ilikuwa uchi, bati tupu, matundu matundu kama chujio. Nikaivika. Uzi mweupe, maua sita mbele, kishada kila pembe, chini kinagusa sakafu. Kitambaa kizuri kuliko cha televisheni, na cha televisheni kimewahi kuombwa na watu wawili. Sasa ikiwaka, mwanzoni inaimba vizuri. Ukimaliza kikombe cha chai, inaanza. Vvvvvv. Kisha inakoroma. Kisha inanguruma kama ina deni na mtu.

Babu yako akanyanyua uso kwenye redio yake iliyoharibika, ile anayoitengeneza tangu mama yako hajaota meno. Akauliza mashine hiyo inapumulia wapi. Nikamwambia mashine haipumui, mzee, wewe ndiye unayepumua, na kwa taabu. Akarudi kwenye redio.

Anaanza kuchanganyikiwa. Itabidi nimwangalie.

Shida ni umeme. Mjomba wako aliwahi kunieleza kuna kisanduku ndani kinachoilisha kompyuta. Pawa saplai. Mlishaji akiwa mchafu, mlaji ataumwa tumbo. Kesho naenda kwa fundi. Kimya atanitambua!

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi. Duka lake lipo kwenye kichochoro nyuma ya washona viatu, ukipita kiunoni unaguswa na waya. Tunamwita Fundi Taratibu. Hata kupiga chafya anajiandaa.

Nikamwambia nataka umeme safi na wa kimya. Kijana mmoja aliyekuja kutengenezewa simu akacheka. Nikamuuliza kwao hawamfundishi kuamkia. Akaamkia. Akaacha kucheka.

Fundi akaeleza kwamba umeme wa ukutani unakuja na takataka zake, kupanda na kushuka. Pawa saplai nzuri inauchekecha kama unga, spika zinapata laini tupu. Mbaya inapitisha chenga, na chenga ndizo unazisikia zikivuma. Hapo nilimwelewa kuliko alivyojielewa. Nimefanya kazi mashine ya kusaga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Shule sikukanyaga, herufi nimezijua kwenye magunia, lakini chenga nazijua hata kwa giza. Watu hudhani masikio yangu yalikufa kwa ule mngurumo. Masikio yangu! Mkanda ulikuwa ukilegea nausikia nikiwa nje naota jua.

Akaniwekea mbili mezani. Moja nyepesi, inang'aa, ina taa za rangi kama harusi. Nyingine nyeusi, haina neno. Akasema ile ya taa itapiga kelele, feni yake ni ndogo, inabidi ikimbie. Nyeusi ina feni kubwa inayozunguka polepole, na nguvu zake ni zaidi ya mahitaji ya kompyuta yangu, kwa hiyo haitajikamua. Punda aliyebebeshwa nusu mzigo hahemi.

Sikumwamini hivihivi. Nikaipima kwa mkono kama ninavyopima boga. Nzito. Nikamwambia aiwashe. Nikatoa mwiko niliokuja nao kwenye mkoba, nikaweka mpini sikioni na upande mwingine kwenye bati. Ndivyo tulivyokuwa tukisikiliza mashine ya kusaga kama kuna gololi imekufa. Yule wa simu alitoka nje, nadhani kucheka. Pawa saplai ilikuwa shwari. Kwa mbali tu, pumzi ya paka aliyeshiba.

Nikainunua kwa pesa ya kuku. Kuku nitawaeleza baadaye.

Wakati ananifungia, Fundi Taratibu alikuwa anasema jambo refu kuhusu upepo, na matundu, na kutoziba nyuma. Sikumfuata lote. Nilikuwa nawaza kama uzi mweupe unakwenda na nyeusi. Unakwenda.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya fedheha.

Fundi amekuja kuifunga. Akaivua kompyuta kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kitini. Ana adabu, mama yake alimlea. Akaifungua, akatoa mlishaji wa zamani aliyejaa vumbi kama godoro la mgeni, akaweka mpya. Akapiga wimbo. Kimya! Sauti ya gitaa ikasimama katikati ya sebule peke yake, kama mtu. Hata babu yako aliweka chini bisibisi.

Nikampa fundi chai, vikombe viwili. Akaondoka na baraka zangu zote.

Nikaivika kompyuta kitambaa chake. Nikaosha vikombe. Kabla sijakausha cha pili: vvvvvv.

Nikatoka mbio. Nilimkuta kwenye kona, maana huyu hawezi kufika mbali. Nikamrudisha kwa mkono wa shati. Akaingia, akavua kitambaa, akawasha. Kimya. Tukakaa. Kimya. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia bibi wa watu. Akaenda. Nikaivika. Ikanguruma!

Nimeelewa sasa. Inamwogopa fundi. Akiwepo inatulia kama mtoto mbele ya mwalimu, akitoka inapanda meza.

Nilipomwita mara ya tatu alisimama mlangoni, akasema mama, mimi naona hiki kitambaa. Nikamkatiza papo hapo. Nilishaona anavyokikunja kwa mapenzi. Nikamwambia hakiuzwi. Akasema hapana mama, nilikuwa nataka kusema. Nikamwambia hata kwa mama yake hakiuzwi, asijisumbue. Akasema kila la heri.

Babu yako akauliza tena inapumulia wapi. Nimemficha bisibisi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Kimya kupeleleza. Nimebeba ndizi, kwa sababu mpelelezi haendi mikono mitupu.

Akanipokea mlangoni kwa vifijo. Karibu mama nyuki! Karibu mzazi mwenzangu, umekuja kusikia ukimya unavyokuwa? Nikamwambia nimekuja kuona kama bado yu mzima, maana umri umeenda. Akasema yeye mdogo kwangu. Ni kweli, lakini kwa mvua moja tu, na hiyo mvua haikuwa kubwa.

Mjukuu wangu, nilichokiona kwenye sebule ya bibi yako nakiandika kwa huzuni. Kompyuta yake iko uchi. Uchi kabisa! Juu ya meza, mbele ya wageni, matundu yote nje. Televisheni uchi. Redio uchi. Hata jagi la maji halina cha kujisitiri. Nilitazama pembeni.

Na ilikuwa kimya. Hilo ndilo lililoniuma. Ilikuwa inaimba, na nyuma ya wimbo hamna kitu. Kimya akakaa amekunja mikono kama aliyeuzaa mwenyewe huo muziki. Nikamwuliza kwa upole ni pawa saplai gani. Akasema siri ya nyumba. Nikazunguka nyuma ya meza nikijifanya naangalia dirisha. Akazunguka nami. Nikaangusha ndizi makusudi ili niiname. Akainama yeye. Tukabaki wote wawili tumeinama, hakuna anayeweza kuinuka. Ilibidi tushikane.

Lakini mwenye akili haiachi safari katikati. Nimepata njia nikiwa barabarani. Kesho nampelekea zawadi ya kitambaa cha kompyuta. Anayevalisha ndiye anayeona nyuma. Nani atamkataza mtu anayemsitiri?

Ijumaa, 7 Machi

Kufuma kipya kwa siku moja haiwezekani, hata kwangu mimi. Nikakivua changu. Maua yangu sita! Kompyuta nikaigeuza uso ukutani, isionekane, nikaiomba radhi. Babu yako alishuhudia yote, akasema alhamdulillahi. Sijui kwa lipi.

Kimya alipofungua kile kifurushi alinyamaza. Namwambia mtu yeyote asiyeamini: alinyamaza. Akakishika kishada kimoja kimoja. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba vitambaa vyangu amevitamani tangu siku ya posa, na kwamba mama yake alifariki kabla hajamfundisha kufuma, na akijaribu mwenyewe unatoka wavu wa samaki. Nikataka kumwambia ningemfundisha. Nikakumbuka niko vitani. Nikamwambia shika huku, vuta huku.

Nikaenda nyuma. Nikainama. Nikasoma herufi moja moja, kama magunia.

Ileile! Nyeusi, nzito, feni kubwa. Kutoka kwa Fundi Taratibu yuleyule! Basi amemuuzia yeye iliyotulia na mimi akaniuzia mtukutu. Nilirudi nyumbani navuta hatua kama askari. Niliongea peke yangu njia nzima, na niliyoyasema sitayaandika, wewe bado msichana.

Nikaiwasha ili nijikumbushe hasira.

Kimya.

Nikapika. Kimya. Nikala, nikaosha, nikamkaribisha jirani, nikamsindikiza. Kimya tu. Nikaweka mwiko sikioni. Pumzi ya paka.

Nimefikiri sana, na nimepata jibu. Ni haya, ni aibu. Mtu aliye uchi hapigi kelele, anajikunyata kwenye kona na kuomba asionekane. Kompyuta yangu imelelewa kwa heshima. Imeona imevuliwa, imefyata. Ya Kimya haikuwahi kuvaa, ndiyo maana imezoea kunyamaza kwa fedheha.

Nimemweleza babu yako. Akauliza kama naweza kumrudishia bisibisi.

Jumamosi, 8 Machi

Simu kabla ya chai. Kimya, anapiga kelele. Nyuma yake, kitu kingine kinapiga kelele zaidi.

Ameniita mchawi! Amesema nimemletea jini limefichwa kwenye maua. Jana nimeondoka tu, mashine yake ikaanza kukoroma, usiku wa kuamkia leo imenguruma, na asubuhi imezimika, akaiwasha tena, sasa inanguruma na kunuka kama pasi. Nikamwapia kwa mgongo uliokubeba wewe kwamba sijafanya lolote. Nikavaa viatu nikaenda, maana adui akilia kweli si adui tena, ni mgonjwa.

Tulihangaika asubuhi nzima. Tumebadilisha soketi. Tumeisogeza mbali na friji. Tumeifuta vumbi. Nimeipima kwa mwiko, ilikuwa ya moto hadi mwiko ukanukia. Nikamwambia basi tuivue kitambaa tuone vizuri. Akakipakata kile kitambaa kama mtoto. Akasema chochote nitake, soketi nitoe, meza nibebe, lakini hicho hakitoki. Leo majirani watatu wameingia kukitazama. Kwa mara ya kwanza maishani sebule yake imesifiwa.

Ningekuwa mimi, nisingekivua pia.

Kwa hiyo mashine yake ngurumo, yangu kimya. Nimeshinda. Mtoto anafikia kwangu. Nilimwambia nikiwa mlangoni. Akaitikia kwa kichwa tu, akanyoosha kishada. Nilitembea kurudi nyumbani nimeshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa hauna chumvi. Nilipofika kwenye kona nikageuka nikarudi. Nikamwambia kesho aje mapema, asikae nyuma, atakaa karibu na spika, upande wa sikio lake zuri.

Akaniuliza ninajuaje lipi sikio lake zuri. Nikamwambia ni lile asilonisikilizia mimi.

Jumapili, 9 Machi

Umekuja! Umekonda, nilisema.

Hukutaka chai, ukaenda moja kwa moja kuitazama kompyuta. Ukauliza kitambaa kimekwenda wapi. Nikakwambia ni hadithi ndefu ya haya. Ukamtazama babu yako, naye akaangalia dari. Nyinyi wawili mna mambo.

Tulijaa. Mama yako sakafuni, wajomba ukutani, Kimya kwenye kiti changu kizuri, amevaa kama anayeozwa. Ukawaomba watu watulie. Ukabonyeza.

Mwanzoni sikusikia kitu. Nikaogopa. Kisha wimbo ukatoka huko ndani, mdogo, bila maneno. Mmm, mmm-mm. Nilikijua kabla hakijafika mwisho. Ni kile kiwimbo cha kubembeleza nilichokuwa nakuimbia ukiwa mgongoni, pale mashine ya kusaga inaposimama ili mkanda ukazwe. Mashine ikiwaka sikuweza kukuimbia, usingesikia. Ilikuwa lazima inyamaze kwanza. Dakika chache tu, mkanda ukakazwa, na ngurumo tena. Nilidhani hukuwahi kukisikia. Mtoto wa kunyonya! Nilidhani nilikuwa najiimbia mwenyewe.

Ulikisikia chote. Hata pale ninapokosea mwishoni, na wewe umekosea palepale.

Sikulia. Kimya ndiye aliyelia, na leso ilikuwa yangu, ndiyo maana imelowa. Alinishika mkono mpaka wimbo ukaisha, na alinishika kwa nguvu, nina alama. Hakusema neno. Mara mbili katika wiki moja!

Ulilala chumba cha nyuma. Niliingia kukufunika. Ulijifanya umelala. Ulijifanya hivyohivyo ulipokuwa na miaka mitatu, na hukuwa hodari hata wakati ule.

Jumanne, 11 Machi

Umeondoka jana na nyumba imekuwa kubwa. Kabla hujatoka uliniambia jambo mlangoni, kuhusu kompyuta. Ulisema bibi, iache hivyohivyo ilivyo, tafadhali, nakuomba. Ulinibusu mara mbili na ukarudia. Nimekuelewa, mjukuu wangu. Una moyo mwema, hutaki bibi yako ahangaike.

Lakini mimi si mtu asiye na shukrani. Mashine iliyonipa siku ile, nitaiachaje uchi mbele ya watu? Imekaa na aibu siku nne kwa ajili yangu. Kitambaa kipya bado kiko kwenye sindano, na nakifuma kizito kuliko kile, mashono mawili mawili, maua kumi. Wakati kinasubiri, nimechukua shuka langu la kufuma la kitanda nikalikunja mara nne, nikaifunika vizuri hadi nyuma, upepo usiingie. Ikapendeza! Nikaweka wimbo wako, nikaketi.

Vvvvvv.

Nimeipima kwa mwiko. Hakuna shaka tena. Pawa saplai hii imekufa. Fundi Taratibu ameniuzia bidhaa ya wiki moja. Nimempigia, hapokei. Nimetuma jirani, ameambiwa fundi amesafiri, ingawa miguu yake ilionekana chini ya meza. Babu yako amesema anajua dawa, ila nimwahidi sitakasirika. Siwezi kuahidi kitu kabla hakijatokea. Amerudi kwenye redio.

Nimemweleza Kimya. Amekuja na ndizi. Tumekaa mbele ya ngurumo yangu mchana kutwa, namfundisha kufuma, tunapigiana kelele ili tusikiane. Wavu wake wa kwanza umetoka karibu mraba. Anataka naye afume cha kwake, cha pili, cha kuweka juu ya kile.

Kwa hiyo sikiliza, wewe uliyeshika kitabu hiki. Ukija tena, na usikae mpaka pazia jingine lipauke, lete pawa saplai mbili, yangu na ya Kimya, nyeusi, nzito kuliko hizi. Na uzi mweupe, madonge manane. Kitambaa kipya, upande wa mbele nitakuwa nimemaliza. Utabaki upande wa kuziba nyuma.